Kutoka Songo Songo hadi Likong'o: Faida ya Mwekezaji na Fungu la Mwenyeji

TANGU Julai 2004, gesi asilia inayovunwa katika Kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, imekuwa ikisafirishwa kwa bomba la kilomita 25 lililolazwa chini ya bahari hadi Somanga Fungu, kisha kilomita 207 nchi kavu hadi Ubungo, Dar es Salaam. Gesi hiyo imezalisha umeme wa gridi ya Taifa, imewasha tanuri za kiwanda cha saruji cha Wazo Hill na kuendesha viwanda vingine vya jiji hilo. Kwa muda wote huo, wananchi wa Kilwa na Lindi wamekuwa wakiuliza swali moja: kampuni inapata faida, Taifa linapata nishati, je, mwenyeji wa eneo anabaki na nini?

Swali hilo sasa lina uzito mpya. Leseni ya uendelezaji wa kitalu cha Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa muda wa miaka 25, na ukomo wake ni Oktoba 2026. Mkataba wa miaka 20 wa kuuziana umeme kati ya kampuni ya Songas na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) ulifikia mwisho mwaka 2024. Wakati huohuo, katika Manispaa ya Lindi, eneo la Likong'o limetengwa kwa ajili ya mradi wa kuchakata na kusindika gesi asilia kuwa kimiminika, maarufu kama mradi wa LNG, ambao majadiliano yake na kampuni za kimataifa yamechukua miaka mingi.

Kwa maneno mengine, pwani hii imesimama kati ya mkataba unaofika ukingoni na mkataba unaotarajiwa. Hapo ndipo panapofaa kupima namna kampuni kubwa zinavyolinganisha faida, ubunifu na wajibu wake kwa jamii, na nini mwananchi anapaswa kukidai kwa mujibu wa sheria.

Miaka 30 ya kusubiri mnunuzi

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kampuni ya Italia, AGIP. Kampuni hiyo iliona kuwa kiasi kilichopatikana hakitalipa gharama za kukiendeleza, ikaondoka. Serikali kupitia Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) iliendelea kuchimba visima vya kuthibitisha wingi wake. Miaka ya 1980 ulikuwapo mpango wa kujenga kiwanda cha mbolea Kilwa kupitia kampuni ya KILAMCO, lakini haukufanikiwa. Ilichukua miaka 30 tangu ugunduzi hadi gesi hiyo kuzalisha umeme Ubungo.

Historia hiyo inafundisha jambo ambalo mara nyingi husahauliwa katika mijadala ya rasilimali. Utajiri ulio chini ya ardhi hauwi mapato hadi apatikane mwenye mtaji, mwenye teknolojia na mnunuzi wa uhakika. Faida ya mwekezaji, kwa hiyo, ni sharti la mradi kuwapo. Kampuni isiyoona faida huondoka, kama AGIP ilivyoondoka, na haiachi nyuma ajira wala ushuru.

Mradi uliozaliwa baadaye, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na mtaji binafsi, ulijengwa juu ya makubaliano ya kugawana manufaa. Songas, ambayo TPDC na TANESCO ni miongoni mwa wanahisa wake, ilimiliki bomba na mitambo. PanAfrican Energy Tanzania iliendesha visima. Sehemu ya gesi ilitengwa kwa bei nafuu kwa ajili ya kuzalisha umeme wa Taifa, kwa kiwanda cha Wazo Hill na kwa umeme wa vijiji. Gesi iliyozidi hapo kampuni iliruhusiwa kuiuza viwandani kwa bei ya biashara, na humo ndimo ilimopata faida yake.

Utaratibu huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Umeme wa vijiji vya Songo Songo na Somanga haukusubiri hisani ya kampuni mwishoni mwa mwaka wenye faida nzuri. Uliandikwa ndani ya makubaliano ya mradi, pamoja na bei na kiasi cha gesi, kabla gesi ya kwanza haijatoka. Mwaka 2010 TANESCO nayo ilikuwa na mtambo wa megawati 7.5 hapo Somanga Fungu, unaotumia gesi hiyohiyo kuhudumia maeneo ya kusini. Wajibu ulioandikwa mapema ndio uliodumu.

Ubunifu unaolinda faida

Kisima cha gesi huzeeka. Kadiri gesi inavyotolewa, mgandamizo wa asili hupungua na gesi hushindwa kusukumana yenyewe hadi kwenye bomba. Mwaka 2022 mitambo ya kuongeza mgandamizo ilianza kufanya kazi Songo Songo ili uzalishaji usishuke. Huo ni ubunifu wa kiufundi ambao mwananchi wa kawaida hauoni, lakini bila huo mapato ya kampuni, ya Serikali na ya halmashauri yangeshuka kwa pamoja.

Upo pia ubunifu wa soko. Mwaka 2015 lilizinduliwa bomba kubwa la Taifa linaloleta gesi ya Madimba, Mtwara, na ya Songo Songo hadi Kinyerezi, Dar es Salaam. Baadaye Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limebadili kabisa hesabu ya umeme nchini. Gesi iliyozoea kuwa tegemeo la gridi sasa inahitaji wanunuzi wengine: viwanda, magari yanayotumia gesi iliyoshindiliwa, na majiko ya majumbani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania, unafungua sehemu ya soko hilo.

Kwa mwananchi wa Lindi, hapa ndipo faida ya kampuni na mahitaji ya jamii yanapoweza kukutana bila kusukumana. TPDC na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) wamekwisha kuingia katika mpango wa kusambaza gesi kwa kaya za Mnazi Mmoja, Lindi. Mama lishe anayepika kwa gesi iliyopita karibu na kijiji chake ni mteja wa kampuni, na ni ushahidi kuwa bomba halikupita tu.

Funzo la mibono ya Kilwa

Si kila ubunifu huacha mema. Kati ya mwaka 2006 na 2009, kampuni ya BioShape kutoka Uholanzi ilikuja Kilwa na wazo lililosifiwa wakati huo: kulima mibono ili kupata mafuta ya kuendeshea mitambo badala ya mafuta ya petroli. Bei ya mafuta duniani ilikuwa ikipanda, na Julai 2008 ilivuka dola 140 kwa pipa. Takriban hekta 34,000 zilipatikana kutoka vijiji vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti.

Miezi michache baadaye bei ilianguka. Wawekezaji walirudi nyuma, kazi shambani zikasimama, na mwaka 2010 kampuni mama ikafilisika. Ahadi za ajira na huduma zilizotolewa kwa vijiji zilikwisha pamoja na fedha za kampuni.

Kilichobaki ni suala la ardhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inayotolewa kwa mwekezaji wa aina hiyo kwanza huhawilishwa kuwa ardhi ya jumla. Mwekezaji akiondoka, ardhi hiyo hairudi kijijini yenyewe. Inahitaji uamuzi na taratibu nyingine za kiserikali. Wanakijiji waliokubali wakiamini kwamba wamekodisha shamba walijikuta wametoa ardhi yao moja kwa moja.

Mkasa huo unaonesha kuwa kampuni inaweza kuwa na wazo jipya na nia ya kusaidia jamii, lakini kama biashara yenyewe haina msingi, mwenye kupoteza zaidi ni yule aliyeweka rehani kitu kisichorejeshwa kwa fedha. Mwekezaji alipoteza mtaji. Kijiji kilipoteza msitu na malisho ya nyuki, kuni na dawa za miti. Kabla ya kuuliza kampuni itajenga madarasa mangapi, ilipaswa kuulizwa: biashara hii itajiendesha kwa bei gani, na ikishindikana, ardhi itarudi kwa nani?

Haki nne zinazochanganywa

Mazungumzo mengi kuhusu wajibu wa kampuni hukwama kwa sababu mambo manne tofauti huwekwa katika kapu moja.

La kwanza ni kodi, mrabaha na ushuru. Haya si msaada. Ushuru wa huduma, kwa mfano, hulipwa kwa halmashauri kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na kwa miaka mingi kiwango chake kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Kwa kiwango hicho, kila mauzo ya shilingi bilioni 1 huipa halmashauri shilingi milioni 3, na mauzo ya shilingi bilioni 100 huipa shilingi milioni 300. Ushuru huu hukokotolewa kwenye mauzo, hivyo kampuni hudaiwa hata katika mwaka ambao haikupata faida kubwa.

La pili ni fidia. Hii ni stahiki ya mtu ambaye ardhi yake, mazao yake au nyumba yake imechukuliwa kupisha mradi. Fidia hailipwi kwa kujenga zahanati ya wote. Kila mwenye haki hulipwa chake.

La tatu ni ushiriki wa Watanzania katika biashara ya mradi. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inaitaka kampuni kutoa kipaumbele kwa bidhaa na huduma za ndani. Mvuvi wa Songo Songo anayeuza samaki kwenye kambi ya wafanyakazi, mwenye boti anayesafirisha mizigo, na kijana aliyesomeshwa ufundi wa mitambo, wote wananufaika kwa njia hii. Fedha yake huwa ndogo kwa siku lakini hurudi kila siku.

La nne, ndilo hasa huitwa uwajibikaji wa kampuni kwa jamii: shule, maji, afya, mabweni na mengineyo. Hapa pia sheria haikuacha jambo kwa hiari ya kampuni pekee. Sheria ya Petroli inaitaka kampuni yenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na mamlaka ya serikali za mitaa husika, ukizingatia vipaumbele vya jamii inayozunguka mradi. Halmashauri nayo ina wajibu wa kuandaa miongozo, kusimamia utekelezaji na kuelimisha wananchi.

Kutofautisha mambo haya kuna manufaa ya moja kwa moja. Kampuni haiwezi kulipa ushuru wa huduma kisha ikapiga picha kana kwamba imetoa msaada. Halmashauri haiwezi kutumia jengo lililojengwa na kampuni kuwa sababu ya kutoeleza ushuru ulitumikaje. Naye mwananchi haulizi "kampuni imetupa nini" kwa ujumla, bali anauliza lipi kati ya manne halijatimizwa na nani anawajibika.

Kuna swali lingine ambalo halmashauri makini huliuliza. Katika mikataba ya kugawana uzalishaji, kampuni hurejeshewa kwanza gharama zake kutokana na gesi inayouzwa, ndipo gesi ya faida hugawanywa kati yake na Serikali. Ikiwa gharama za miradi ya jamii zitaingizwa katika gharama za kurejeshwa, basi sehemu ya darasa lililojengwa imelipwa na umma wenyewe. Jibu la swali hilo huamua kama kampuni imetoa kutoka katika faida yake au imetanguliza tu fedha.

Likong'o: fidia leo, faida kesho

Gesi iliyogunduliwa nchini inakadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57, na zaidi ya trilioni 47 kati ya hizo ziko katika kina kirefu cha bahari. Kuitoa huko, kuisindika Likong'o na kuipakia melini ni mradi ambao makadirio ya gharama yake yamevuka dola bilioni 40. Juni 2022, katika Ikulu ya Chamwino, Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alishuhudia utiaji saini wa makubaliano ya awali kati ya Serikali na kampuni zikiongozwa na Equinor na Shell.

Kabla ya hapo, Januari 2021, Equinor ilikuwa imepunguza thamani ya mradi huo katika vitabu vyake kwa dola milioni 982, ikieleza kuwa hesabu za mradi hazikuwa zimeimarika vya kutosha. Katika hesabu za kampuni ya kimataifa, huo ni mstari mmoja wa taarifa ya mwaka. Kwa mkazi wa Likong'o, uamuzi wa namna hiyo unaofanyika mbali na Lindi unaweza kuongeza miaka ya kusubiri.

Wakazi hao wanajua maana ya kusubiri. Zaidi ya hekta 2,000 zilitengwa, na miaka kadhaa ikapita kabla fidia kwa wananchi zaidi ya 600 kuanza kulipwa mwaka 2020. Katika kipindi kama hicho mtu hasiti tu kujenga. Husita kupanda minazi na mikorosho mipya, kwa sababu hajui kama atakuwapo kuivuna. Gharama ya kuchelewa kwa uamuzi haionekani kwenye mizania ya kampuni yoyote, lakini ipo, na hulipwa na kaya.

Uamuzi wa Serikali wa kulipa fidia kabla ya mkataba wa mwisho wa mradi kusainiwa ulikuwa sahihi kwa sababu hiyo. Ulitenganisha haki ya mwananchi na bahati ya soko la dunia. Msingi huo unapaswa kuendelezwa katika mkataba wenyewe: mafunzo ya ufundi kwa vijana wa Lindi na Kilwa yaanze kabla ya ujenzi, maana wakati wa ujenzi ndipo ajira huwa nyingi, na kiwanda kikishaanza kazi huhitaji watu wachache wenye ujuzi wa juu.

Yaliyotokea Mtwara mwaka 2013, pale mpango wa bomba la gesi ulipozua malalamiko na vurugu zilizosababisha vifo na uharibifu wa mali, yalionesha gharama ya taarifa kuchelewa kuwafikia wananchi. Sheria tatu za mwaka 2015, yaani ya Petroli, ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi, na ya Uwazi na Uwajibikaji katika rasilimali za madini, mafuta na gesi, zilikuja baada ya hapo. Ya pili ilianzisha Mfuko wa Mafuta na Gesi. Ya tatu inazitaka kampuni na Serikali kuweka wazi malipo yaliyofanyika na yaliyopokelewa, ili hesabu za pande mbili zilinganishwe.

Siku kampuni inapoondoka

Kipimo cha mwisho cha uwajibikaji wa kampuni kinapatikana siku inapofunga ofisi au kukabidhi mitambo. Sheria ya Petroli inataka kuwepo mpango na mfuko wa kuondoa mitambo na kurejesha mazingira baada ya uzalishaji. Kwa kisiwa ambacho watu wake huishi kwa pweza, mwani na samaki, hali ya bahari baada ya bomba na visima ni suala la riziki.

Songo Songo ina gesi ambayo bado inahitajika, na ukomo wa leseni haumaanishi ukomo wa uzalishaji. Hata hivyo, kipindi cha mpito kina maswali ya kujibiwa mapema. Ni miradi ipi ya jamii inayotegemea fedha ya kampuni kila mwaka, na nani atailipia? Zahanati ina dawa na mtumishi aliye kwenye bajeti ya halmashauri, au inasimama kwa msaada? Umeme wa kijiji uko kwenye mkataba upi? Mpango wa uwajibikaji wa mwaka ujao umekubaliwa na nani?

Wazee wa pwani husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini husema pia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika suala hili daftari lipo. Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi ni sehemu ya ajenda zake. Diwani hupokea taarifa za ushuru katika Baraza la Madiwani. Mpango wa uwajibikaji wa kampuni unahitaji makubaliano ya halmashauri kabla ya kutekelezwa. Mwananchi wa Somanga, wa Mavuji au wa Likong'o anaweza kuomba mambo matatu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji au mtaa: kiasi cha ushuru kilichopokelewa, mpango wa kampuni wa mwaka huo, na tarehe ambayo mkataba unaohusu eneo lake unakwisha.